Dawa ya kuukatia uvimbe wa ubongo mishipa ya damu: maswali ambayo ndugu wa wagonjwa huuliza Mwanza

Maswali haya hayakutungwa mezani. Ndugu wa wagonjwa huniuliza wakati tunashuka kilima cha hospitali ya Bugando, ndani ya daladala ya Igoma, na mara nyingi kwa simu saa nne usiku. Mimi ni muuguzi, na nimekaa miaka mingi na wagonjwa wa saratani huku Kanda ya Ziwa. Dozi na uamuzi ni vya daktari anayemjua mgonjwa wenu. Mimi naeleza tu dawa hii, bevasizumabu, ni kitu gani, inaweza nini na haiwezi nini.

Daktari ametuambia uvimbe wa baba "umejitengenezea mishipa". Uvimbe unajitengenezeaje mishipa?

Panda Mabatini au Igogo uangalie zile nyumba zilizokaa juu ya mawe. Aliyejenga wa kwanza alibeba maji kwa ndoo. Nyumba zilipofika kumi, hakuna aliyekubali tena kupanda na ndoo kichwani: fundi aliitwa, bomba likavutwa kutoka laini kubwa, kwa kibali au kwa kificho cha usiku. Uvimbe nao huenda hivyohivyo. Ukiwa mdogo, wa milimita moja au mbili, seli zake hujipatia oksijeni na chakula kwa kunyonya tu kutoka mishipa ya jirani. Ukizidi hapo, seli za katikati huanza kukosa hewa. Seli zenye njaa hutoa ishara za kemikali, na ishara kubwa kuliko zote ni protini iitwayo VEGF. Protini hiyo ikifika kwenye mshipa wa damu ulio karibu, hushika vipokezi vya seli zinazoutandika mshipa kwa ndani, nazo huanza kugawanyika na kuchipuza tawi jipya kuelekea kwenye uvimbe.

Kuchipua kwa mishipa si ugonjwa. Mtoto hukua tumboni kwa njia hiyo, na kidonda hupona kwa njia hiyo. Lakini kidonda kikishafunga, ishara huzimwa. Uvimbe hauzimi. Tena mishipa yake ni kazi ya fundi wa usiku: imepinda, haina mpangilio, inavuja. Majimaji ya damu huchuruzika na kuulowesha ubongo unaouzunguka uvimbe, na kwa kuwa fuvu halitanuki, mgandamizo hupanda. Maumivu ya kichwa ya alfajiri, kutapika, mkono uliolegea, maneno yanayopotea: sehemu kubwa ya hayo huletwa na maji hayo, zaidi ya nyama ya uvimbe yenyewe. Likumbukeni hili la maji, maana majibu mengi huko chini yanalirudia.

Nani aliwaza kuukatia uvimbe mishipa?

Daktari wa upasuaji wa Marekani, Judah Folkman. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa katika jeshi la majini, yeye na mwenzake Frederick Becker walipanda seli za saratani kwenye tezi za sungura zilizokuwa zikitunzwa hai nje ya mwili. Vimbe vilikua hadi ukubwa wa punje ndogo, kisha vikagoma. Vilipohamishiwa kwenye mnyama hai, vikapata mishipa na kukua kwa kasi. Mwaka 1971, mwaka uleule Bugando ilipofunguliwa, Folkman aliandika kwamba uvimbe ukizuiwa kuchipuza mishipa utabaki mdogo. Wenzake wengi hawakumwamini. Mwaka 1983 Donald Senger na Harold Dvorak walieleza protini inayoifanya mishipa ivuje, na mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake wakaitenga protini inayoichipuza, wakaiita VEGF. Ikaja kubainika kuwa ni ileile moja. Mimi hupenda sana kipande hiki cha historia: anayefungua bomba ndiye huyohuyo anayelitoboa.

Mwaka 1998 magazeti ya Marekani yalishangilia dawa za aina hii zilizokuwa zimewaponya panya. Kwa binadamu mambo hayakwenda hivyo.

Dawa yenyewe inaitwaje na inafanya nini?

Inaitwa bevasizumabu. Jina la biashara la ile ya kwanza ni Avastin. Ni kingamwili iliyotengenezwa maabara, na kazi yake ni moja: kuikamata VEGF njiani kabla haijafika kwenye kipokezi chake. Seli za saratani zenyewe haiziui. Humkamata tarishi tu, barua isifike.

Marekani iliidhinisha dawa hii mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2009 ikaidhinisha itumike kwa glioblastoma, aina kali ya uvimbe wa ubongo, iliyorudi baada ya matibabu ya kwanza. Mwaka huohuo wakaguzi wa dawa wa Umoja wa Ulaya walikataa kuipitisha kwa ugonjwa huohuo, kwa sababu tafiti zilizoletwa hazikuwa na kundi la kulinganisha, wagonjwa ambao hawakupewa dawa hiyo. Takwimu zilikuwa zilezile mezani, majibu yakawa mawili. Kwa hiyo ukisikia madaktari wawili wanapishana juu ya dawa hii, usidhani mmoja wao hajui kazi.

Ni kemo? Nywele zitanyonyoka?

Si kemo kwa maana ya kawaida, yaani dawa ya kuua seli za saratani, na peke yake hainyonyoi nywele. Ila mara nyingi huchanganywa na kemo, na pale nywele zilipopita mionzi huwa zimeshapungua.

Mtoto wa dada ana uvimbe wa ubongo pia. Naye apewe?

Uvimbe wa ubongo si ugonjwa mmoja. Kuna unaoanzia kwenye utando unaoufunika ubongo, ambao mara nyingi hukua polepole na tiba yake kuu ni upasuaji. Kuna unaosafiri kutoka kwenye titi au pafu. Kuna wa tezi iliyo chini ya ubongo. Kuna vya watoto, na hivyo ni dunia nyingine kabisa. Dawa hii imepimwa zaidi kwa glioblastoma ya watu wazima, uvimbe mkali unaotokana na seli zinazoshikilia na kuhudumia neva, ambao una mishipa mingi kupita kiasi na VEGF nyingi.

Nje ya glioblastoma, kuna mahali pawili ambapo imeonyesha faida inayoeleweka. Pa kwanza ni kwa watu wenye ugonjwa wa kurithi unaoota vimbe kwenye neva za masikio yote mawili: baadhi yao walisikia vizuri zaidi baada ya kuitumia. Pa pili ni pale mionzi iliyotibu uvimbe inapouacha ubongo umeungua na kuvimba. Hapo dawa hukausha maji.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza dawa, uliza jina la uvimbe. Na jina hutoka kwenye kinyama, kipande kidogo kilichokatwa kwenye uvimbe na kupimwa maabara. Picha peke yake haitoshi.

Itamponya mama?

Hapana. Nimejifunza kulitoa jibu hili mapema, kwa sauti ya chini, nikiwa nimekaa, maana nimeona linavyoumiza likicheleweshwa.

Kwa glioblastoma, tiba ya kwanza inayofuatwa duniani ni kuondoa uvimbe kadiri inavyowezekana bila kumharibu mtu, kisha mionzi ya wiki sita pamoja na vidonge vya kemo viitwavyo temozolomidi. Utafiti uliouweka mpango huo ulitoka mwaka 2005. Ukiwapanga wagonjwa wa utafiti ule kwenye mstari kwa urefu wa maisha yao, wa katikati aliishi miezi 14.6 kwa mionzi na vidonge, na miezi 12.1 kwa mionzi peke yake. Wapo walioishi miaka, lakini ni wachache.

Baadaye watafiti wakauliza: tukiongeza bevasizumabu tangu mwanzo, je? Tafiti kubwa mbili zilitoka mwaka 2014. Mmoja ulikuwa na wagonjwa 921. Walioongezewa dawa walikaa miezi 10.6 kabla ugonjwa haujaanza kusonga mbele tena, na wasioongezewa walikaa miezi 6.2. Hiyo ni tofauti ya kuonekana. Lakini ilipohesabiwa miezi ya kuishi, ikawa 16.8 kwa 16.7. Hakuna tofauti. Utafiti wa pili ukafikia hapohapo.

Kwa ugonjwa uliorudi, utafiti mwingine wa wagonjwa 437 ulitangazwa mwaka 2017. Wote walipewa lomustini, dawa ya kemo, na kundi moja likaongezewa bevasizumabu. Muda kabla ugonjwa haujasonga: miezi 4.2 dhidi ya 1.5. Muda wa kuishi: miezi 9.1 dhidi ya 8.6, tofauti ambayo kitakwimu haihesabiki. Hata hivyo mwishoni mwa mwaka huohuo Marekani iliipa dawa idhini kamili kwa ugonjwa uliorudi, kwa hoja kwamba iliuchelewesha ugonjwa na wagonjwa walihitaji kiasi kidogo zaidi cha steroidi, dawa za kukausha yale maji.

Basi mtu akikuambia dawa hii "inarefusha maisha", muulize: maisha, au muda kabla picha haijabadilika? Ni vitu viwili.

Kama hairefushi maisha, inatolewa ya nini?

Ya maji.

Mgonjwa aliyeletwa kwa kushikwa mabega, asiyeweza kumalizia sentensi, baada ya dozi moja au mbili anaweza kushika kijiko na kumwita mjukuu kwa jina lake. Haiwi hivyo kwa kila mtu, lakini nimeona, na aliyeona hawezi kuidharau. Mabomba yameacha kuvuja, ubongo umekauka, mgandamizo umeshuka. Mpangaji mbaya yumo ndani bado.

Kuna dawa ya zamani, ya bei ya chini sana, inayokausha maji hayohayo: deksamethasoni. Mara nyingi siku moja au mbili zinatosha kuona nafuu. Kwa wagonjwa wengi wa kwetu ndiyo inayobeba mzigo, na sioni aibu kuisifu. Tatizo lake ni kukaa nayo miezi. Uso huvimba, sukari hupanda, mapaja hulegea mpaka mtu ashindwe kuinuka chooni, maambukizi hupata njia. Mgonjwa ambaye deksamethasoni imemchosha, au amefikia dozi kubwa na bado maji hayaondoki, ndiye ambaye bevasizumabu inaweza kumsaidia kweli, kwa kumpunguzia vidonge hivyo. Na deksamethasoni isikatishwe ghafla kwa sababu mtu amepata nafuu. Hupunguzwa ngazi kwa ngazi kama daktari atakavyoandika.

Picha ya MRI imeonyesha uvimbe umesinyaa, lakini mgonjwa anazidi kudhoofika. Tumedanganywa?

Hamkudanganywa, ila picha inaweza kudanganya. Kwenye MRI mgonjwa huchomwa dawa ya kung'arisha. Dawa hiyo huvuja kutoka kwenye mishipa mibovu, na mahali ilipovujia ndipo panapong'aa. Bevasizumabu ikiziba uvujaji, mng'ao hufifia hata ndani ya siku chache, na uvimbe huonekana umepungua ilhali seli zake zipo palepale. Ndiyo maana madaktari hawaangalii tena mng'ao peke yake. Huangalia pia picha za aina nyingine zinazoonyesha uvimbe unaotambaa bila kung'aa, na humwangalia mgonjwa: anatembeaje, anaongeaje, anatumia deksamethasoni kiasi gani.

Kama mama anadhoofika na picha inapendeza, mwamini mama.

Kwa nini mwishowe dawa hushindwa?

Ukifunga bomba moja, wenye nyumba hawahami. Uvimbe una ishara nyingine za kuita mishipa mbali na VEGF. Pia unaweza kuacha kuchipuza mishipa mipya, ukatambaa kando ya mishipa mizima ya ubongo iliyokuwepo tangu kuzaliwa, nayo hatuwezi kuifunga bila kumuua mtu. Zaidi ya hapo, seli zilizonyimwa hewa huweza kuhama kwenda kutafuta hewa kwingine ndani ya ubongo.

Dawa nyingine za kundi hili zilijaribiwa kwa glioblastoma. Cediranibu, kidonge kinachoziba vipokezi vya VEGF, haikuushinda ugonjwa uliorudi. Cilengitidi nayo, iliyolenga kushikana kwa seli za mishipa, iliongezwa kwenye mionzi na temozolomidi na haikuongeza kitu. Hata talidomidi, ile iliyoleta watoto wenye viungo pungufu kati ya mwaka 1957 na 1961, ilirudishwa maabara baada ya kugundulika mwaka 1994 kuwa inazuia mishipa kuchipua. Leo inasaidia katika saratani ya uboho. Kwa uvimbe wa ubongo haikupata nafasi.

Inatolewaje, na mara ngapi?

Kwa dripu, hospitalini. Kwa ugonjwa uliorudi, dozi iliyoandikwa ni miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili, kila wiki mbili. Mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 600: chupa moja ya 400 na mbili za 100. Mara ya kwanza dripu hukimbia dakika 90, ya pili 60, na mwili ukiikubali, 30. Dawa hukaa mwilini muda mrefu, kiasi kwamba baada ya siku 20 hivi nusu yake bado ipo. Hilo lina uzito kwenye upasuaji, kama mtakavyoona kwenye swali linalofuata.

Nini kifanyike kabla ya kuanza?

Presha ipimwe, na isiwe imepanda. Mkojo upimwe protini. Kama amefanyiwa upasuaji, siku 28 zipite na kidonda kiwe kimefunga kabisa, kwa sababu dawa inayozuia mishipa mipya huzuia pia kidonda kupona. Kwa sababu hiyohiyo, jino lisingolewe katikati ya matibabu bila daktari kujua. Mwanamke anayeweza kushika mimba atumie uzazi wa mpango wakati wote wa dawa na miezi sita baada ya dozi ya mwisho.

Mwambieni daktari dawa zote anazotumia. Zote, pamoja na ile diklo ya duka la dawa ambayo kila mtu anadhani ni peremende. Diklofenaki huweza kuamsha damu tumboni na kupandisha presha, na bevasizumabu inafanya yote mawili tayari.

Madhara gani ni ya kawaida, na yapi ni ya kukimbia hospitali?

Kawaida kabisa ni presha kupanda, uchovu, damu kidogo puani, na protini kwenye mkojo. Presha hutibika kwa vidonge. Nunueni mashine ya kupimia nyumbani kama mnaweza, au msuguane na zahanati ya jirani mpaka wakubali kumpima kila wiki.

Ya kukimbia hospitali, usiku au mchana: maumivu makali ya tumbo yanayoanza ghafla, maana utumbo unaweza kutoboka; mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana na pumzi kuwa fupi, maana damu inaweza kuganda; uso kupinda au upande mmoja kupooza kwa ghafla; kichwa kuuma kuliko alivyozoea pamoja na kuona giza au kupata kifafa; kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami; kidonda cha kichwani kufunguka.

Kwa mgonjwa anayeishi kisiwani haya ni mazito zaidi. Kabla ya dozi ya kwanza ninawauliza ndugu wa Ukerewe: saa nane usiku, mguu umevimba, mtatumia chombo gani, na nani ana namba ya mwenye chombo hicho? Kama jibu ni "tutasubiri meli ya asubuhi", basi kwa miezi ya mwanzo mgonjwa akae kwa ndugu Mwanza mjini. Wa Sengerema na Geita siku hizi wana unafuu. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena kulala ng'ambo kungojea pantoni.

Huku Mwanza tuanzie wapi?

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando ina idara ya saratani yenye mionzi, na ndiyo lango la mikoa ya ziwa. Kwa upasuaji wa ubongo ulio mgumu, wagonjwa hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na kwa saratani Taasisi ya Ocean Road, zote Dar es Salaam. Barua ya rufaa, CD ya picha na majibu ya kinyama viwe kwenye mfuko mmoja usioingia maji, naye mtu mmoja tu wa familia aushike. Nimeona rufaa ikikwama wiki mbili kwa sababu majibu ya kinyama yalibaki ndani ya shangingi la shemeji.

Habari ya bima, nendeni dawati la bima la hospitali mkiwa na jina la dawa na jina la ugonjwa vyote viwili. Dawa ikiwa kwenye orodha, haina maana inalipiwa kwa kila ugonjwa. Hata Shirika la Afya Duniani liliiweka bevasizumabu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2013, lakini kwa ajili ya macho.

Kwa ajili ya macho? Ndiyo maana jirani anasema alichomwa dawa hii jichoni?

Anasema kweli. Wenye kisukari na baadhi ya wazee huota mishipa mibovu nyuma ya jicho, nayo huvuja vilevile. Wao huchomwa miligramu 1.25 tu ndani ya jicho, tone dogo. Kwa hiyo bei aliyolipa jirani isiwe kipimo chenu. Chupa moja ya dawa, ikigawanywa kwa usafi unaotakiwa, huhudumia macho mengi. Mtu wa kilo 60 mwenye uvimbe wa ubongo hutumia chupa tatu kwa siku moja.

Tuuze kiwanja?

Hili ndilo swali lenyewe, hayo mengine yote ni njia ya kulifikia. Sina mamlaka ya kuwaambia uzeni au msiuze. Nina mawazo, na nitayasema.

Familia moja ya mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, iliuza injini ya mtumbwi kununua dozi. Ikatosha mbili. Mzee akachangamka, akakaa uani, akacheka. Dozi ya tatu haikupatikana, maji yakarudi, na injini haipo. Watoto wa shule wakaanza kushinda mwaloni kukwangua dagaa. Mke wake aliniambia hajutii zile wiki. Mtoto wake mkubwa aliniambia anajuta. Siwezi kusema yupi amekosea, mayu, yaani mama, aliyekaa naye uani au kijana aliyebaki na mtumbwi usio na injini.

Ninachoshauri ni kwamba kabla hamjauza, mwende kwa daktari watu wawili, mmoja mwenye kauli nyumbani na mmoja anayejua kuandika, mkamuulize. Tunaitoa ili iweje: aishi zaidi, au apate nafuu? Deksamethasoni imeshajaribiwa kwa dozi inayotosha? Baada ya dozi ngapi tutapima kama imesaidia, na tutapima kwa kuangalia kitu gani? Tukiona haisaidii, tutaacha lini? Zidisheni bei ya dozi moja kwa idadi hiyo, ongezeni nauli, vipimo na chakula cha anayemuuguza mgonjwa. Kama fedha haifiki hata kwenye siku ya kupima, mimi nisingeanza. Kama upasuaji au mionzi bado havijafanyika na vinawezekana, fedha iende huko kwanza, maana huko ndiko miezi ya kuishi imeonekana.

Na kama mgonjwa bado ana akili zake, aulizwe yeye. Mara nyingi kiwanja ni chake.

Tukiacha, itakuwaje?

Maji yanaweza kurudi, wakati mwingine kwa kasi, na dalili zikarudi nayo. Msiache kimyakimya kwa kuishiwa fedha. Mwambieni daktari mapema, arudishe deksamethasoni kwa mpango.

Kuna mtu anatuuzia kwa nusu bei, itakuja na basi kutoka Dar.

Dawa hii hukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Haigandishwi, haitikiswi, haipigwi na mwanga. Chupa iliyosafiri chini ya basi usiku kucha mpaka stendi ya Nyegezi, kwenye ndoo ya barafu iliyoyeyuka Singida, ukiiangalia itaonekana salama. Hutajua. Na bandia zipo: mwaka 2012 Marekani kwenyewe zilikamatwa chupa za Avastin ambazo ndani hazikuwa na dawa hata chembe. Nunueni kupitia famasi ya hospitali, mkague namba ya toleo, na mkitilia shaka waulizeni TMDA, mamlaka ya dawa ya serikali.

Nafuu ya halali ipo. Siku hizi viwanda mbalimbali hutengeneza bevasizumabu inayofanana na ile ya kwanza, na Marekani iliidhinisha ya kwanza ya aina hiyo mwaka 2017. Mwulizeni mfamasia ipi inapatikana. Hiyo si feki.

Na unga wa gegedu la papa? Au mabondo ya sangara?

Hadithi ya papa ilianza na jambo la kweli: gegedu halina mishipa ya damu, na lina kemikali zinazozuia mishipa. Watu wakaruka kutoka hapo mpaka kwenye vidonge. Dondoo la gegedu la papa lilipimwa kwa umakini kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu, majibu yakatoka mwaka 2010, halikuongeza maisha. Mabondo hayajapata hata hadithi nzuri kama hiyo. Yauzeni kwa wanunuzi wa mabondo, mpate fedha ya vipimo.

Akipata nafuu, anaweza kurudi ziwani?

Kuvua, hapana. Uvimbe wa ubongo huleta kifafa hata kwa mtu anayeonekana mzima, na kifafa ndani ya mtumbwi, usiku, taa za dagaa zikiwaka, huua watu wawili: yeye na atakayejitosa kumwokoa. Bodaboda vilevile, na kupanda juu ya mawe peke yake. Dawa za kifafa aendelee nazo hata akiwa amechangamka vipi.

Ufukweni aende. Wengi wanaweza kukaa kwenye kivuli na kushona nyavu, mkono ukikubali. Kofia avae, kovu la mionzi halipendi jua la saa saba. Na awe na mtu karibu anayejua kumlaza ubavu.